Wapishi Walioning'inia Darini

"Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na Baraza la Wazee wa Kanisa la Mwamba wa Ushindi, tawi la Fordsburg," alitangaza Inspekta Placide Mushagalusa, kifua mbele, mkono mmoja juu, "hakuna kiumbe mwenye pumzi atakayetoka ndani ya jengo hili mpaka ukweli ujulikane!"

Paka wa dukani alimtazama, akajinyoosha, akatoka.

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa Jumamosi ya baridi kali, jua linashuka nyuma ya maghala ya Fordsburg, na kila aliyekuwamo alikuwa na hofu yake. Inspekta mwenyewe alikuwa nazo mbili: ya kushindwa kazi, na ya kupanda ngazi ya kwenda juu. Fulana yake ya kung'aa haikumsaidia. Aliiazima kazini Randburg, kwenye maduka anakolinda mlango, na mgongoni ilieleza kwa herufi kubwa kwamba aliyeivaa ni mkusanya matoroli. Cheo cha Inspekta alikipata zamani Bukavu, alipokuwa afisa wa upelelezi kweli. Kilivuka mipaka pamoja naye bila karatasi yoyote, na wazee wa kanisa walikiheshimu kwa kuwa hawakuwa na inspekta mwingine.

Msimulizi wa habari hii alikuwapo tangu mwanzo mpaka mwisho, na anaapa kueleza ukweli mtupu. Hakuapa kuueleza wote kwa mpigo mmoja.

Mambo yalikuwa hivi. Kanisa lilipanga ukumbi wa ghorofani katika jengo lililokuwa sinema miaka mingi iliyopita. Chini palikuwa na duka la mablanketi la Bi Najma, mama wa Kitanga aliyeolewa Fordsburg akafiwa na mume na kurithi jengo. Ijumaa jioni, katikati ya mgao wa umeme, waumini walikuwa wakiomba kwa mwanga wa mishumaa, wote kwa pamoja, kwa sauti, macho wamefumba. Mara sauti ya msichana ikapasua ukumbi: "Tazameni juu!"

Wakatazama. Ukutani, juu ya madhabahu, walikuwapo watu wa rangi ya majivu wenye kofia ndefu, wananing'inia miguu juu, vichwa chini. Walikuwa wanacheza. Walipanda ngazi kinyumenyume wakiwa wamepinduka. Vipande vya sahani viliruka kutoka kusikojulikana, vikaungana mikononi mwao, vikawa sahani nzima. Na waliimba. Waliimba kwa lugha ambayo hakuna kabila lililowahi kuizungumza, kila neno likimezwa badala ya kutoka.

Watu walikanyagana mlangoni. Mzee mmoja wa kanisa alivunjika mkono. Wazee wengine wawili walijikaza, wakapanda hadi chumba kidogo cha mitambo kilicho juu ya ukumbi, wakang'oa waya. Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na projekta kuukuu na, juu ya projekta, wigi la rangi ya dhahabu.

Wigi lilikuwa la Mama Jeannine, msusi, mjane. Naye ndiye muumini pekee ambaye hakuwa ukumbini.

Kufikia Jumamosi mchana dirisha la saluni yake lilikuwa limevunjwa. Wazee walipanga kukaa magharibi, watoe tamko. Wakimtaja kuwa mlozi, hatapata tena chumba cha kupanga wala kichwa cha kusuka miongoni mwa watu wake. Na vijana waliokuwa wamekwisha kujipanga barabarani, mikono mifukoni, hawakuonekana kama watu watakaongoja apange mizigo.

Bi Najma alikuwa amemficha stoo. Inspekta alianzia huko, akifuatana na binti yake Shekinah, mwanafunzi wa bweni aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya baridi. Shekinah alishika simu yenye tochi; aliletwa kwa kuwa baba yake hakutaka kumwacha peke yake nyumbani siku ya namna ile.

Mama Jeannine alikaa juu ya robota la mablanketi, amejikunja. Inspekta aliweka kiti chake karibu kabisa na mlango.

"Umeme ulipokatika Ijumaa, mama, ulikuwa wapi?"

"Chini, kwenye swichi kubwa ya kanisa. Si unajua, Papa Placide? Umeme ukienda tunazima kila kitu. Taa, kinanda, spika. Maana ukirudi, unakuja na hasira, unaunguza vyombo. Halafu miye nangoja pale. Ukirudi, naacha utulie kidogo, ndiyo nawasha."

"Na Ijumaa ulirudi?"

"Ulirudi. Niliona taa za barabarani. Nikiwa bado sijagusa swichi, nikasikia batu banalia huko juu. Nikapanda mbio. Kufika, wote wananikimbia. Hata Mchungaji!"

"Wigi ni lako?"

"Langu. Wiki hii lilikuwa saluni, Alhamisi nikaona halipo. Nikasema mteja amelichukua, atarudisha."

"Nani alipita saluni?"

"Nani hapiti? Kanisa zima kichwa chake ni mimi. Hata huyu wako, Jumatano nilimsuka bure. Nikasema, mtoto ametoka shule ya mbali, asuke apendeze."

Shekinah, aliyesimama nyuma ya baba yake, aliangalia sakafu.

Mama Jeannine alikitazama kiti cha Inspekta, kisha mlango ulio nyuma yake. "Papa Placide. Tumevuka mpaka wa Zambia kwenye lori moja. Leo na wewe unaniogopa?"

Inspekta alisogeza kiti mbele. Kidogo.

Nje ya stoo walimkuta Mchungaji Hénock, mtu mrefu aliyekuwa amekonda kwa usiku mmoja, Biblia kifuani kwake imekuwa ngao. Inspekta alimwongoza hadi kwenye ngazi ya nyuma, njia pekee ambayo mtu angeweza kutoka chumba cha mitambo na kufika chini bila kupita ukumbini. Ilikuwa imejaa marobota ya mablanketi tangu chini hadi juu. Bi Najma alikuwa amepokea mzigo wa baridi wiki mbili nyuma na hakuwa na pengine pa kuuweka.

"Unaona, Mchungaji? Hata panya hapiti hapa. Mama Jeannine alikuja kutoka chini. Kama angekuwa kwenye mtambo, angeshukaje?"

"Ndugu Placide," alisema Mchungaji kwa upole wa kutisha, "mlozi hahitaji ngazi."

Inspekta alilipapasa robota lililoziba ngazi. Katika kazi yake yote hakuwahi kukutana na mshtakiwa ambaye kutokuwapo kwake kulihesabiwa kuwa ushahidi dhidi yake. Akaelewa jambo moja: kuonyesha kwamba Jeannine hakufanya hakutamwokoa. Ni lazima aonyeshe nani alifanya, na kwa njia gani, mpaka kitu chenyewe kiache kutisha.

"Basi tupande," alisema. Hakupanda. Alimwita Bi Najma kutoka dukani, akamtanguliza.

Chumba cha mitambo kilinuka vumbi na mafuta ya mashine. Projekta ilisimama mezani, gurudumu moja la filamu mbele, jingine nyuma, waya umelala sakafuni. Wigi bado lilikuwa pale, limeinamia lenzi. Inspekta aliligusa kwa ncha ya kalamu. Halikumuuma.

"Hawa watu, Bi Najma. Hawa wa ukutani. Ni akina nani?"

"Watu gani, mwanangu! Ni wapishi." Bi Najma aliokota kopo la bati sakafuni, akalifuta kwa upande wa mtandio. "Filamu ya Hollywood hii, ya vichekesho na nyimbo, ya zamani hata mimi sijazaliwa. Marehemu baba mkwe wangu aliionyesha kila Idi. Hoteli inataka kuuzwa, wapishi wake wanafanya onyesho la dansi ili kuiokoa. Basi, ndiyo hadithi yote. Wameanguka kwenye keki, wamevunja sahani, wameimba, mwenye hoteli kalia, kwisha."

"Walikuwa wacheza dansi wakubwa?"

"Wakubwa wapi! Studio yenyewe masikini, ilikuwa ikitoa filamu hizi haraka haraka mtu anavyotoa maandazi. Walikuwa na ngazi moja tu, wallahi. Mwanzoni ni ngazi ya jikoni, katikati wameipaka rangi ni ngazi ya ikulu, mwishoni wameitundikia maua ni ngazi ya peponi. Sisi watazamaji tulikuwa tunaishangilia hiyo ngazi kuliko waigizaji."

Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa Inspekta alikaribia kutabasamu. Kisha akakumbuka miguu juu, vichwa chini.

"Na kwa nini walikuwa wamepinduka?"

Bi Najma aliinamia magurudumu, akaangaza kwa tochi ya Shekinah. "Eti kwa nini. Baba mkwe alikuwa na mtindo wake. Onyesho la mwisho likiisha, hairudishi filamu mwanzo. Anaiacha ilivyoishia, mkia nje, anasema ikikaa hivyo haiharibiki upesi. Siku ya kuonyesha tena ndiyo anaizungusha kurudi. Sasa mtu asiyejua akaja akaichukua ilivyo, akaitia mashineni. Inaanzia mwisho, inakwenda nyuma, na picha zinasimama kwa vichwa. Nyimbo nazo zinatoka kinyume."

"Kwa hiyo hazikuwa ndimi za mashetani."

"Ulikuwa ni wimbo wa supu."

Inspekta alivuta pumzi ndefu. "Basi aliyefanya hivi hakuijua kazi. Wewe unaijua."

"Mimi nisingewaaibisha wapishi wangu namna hiyo."

Inspekta akachuchumaa, akachunguza swichi ya projekta bila kuigusa. Ilikuwa imewashwa. Aliwakumbuka wazee wawili: waling'oa waya ukutani, hakuna aliyezima mashine.

"Umeme wa chumba hiki unapita kwenye swichi kubwa ya kanisa?"

"Hapana. Hiki kinakula umeme wa dukani kwangu."

Inspekta alinyanyuka polepole. "Shekinah, mulika hapa. Tulia, mbona unatetemesha tochi? Sikilizeni. Umeme ulipokatika, kanisa lilizima kila kitu kama kawaida. Kabla maombi hayajaanza, umeme ukiwa bado haupo, mtu mmoja alipanda huku. Akatia filamu, akaiacha swichi imewashwa, akashuka, akaenda zake kuomba pamoja na wengine. Umeme uliporudi, ukumbini giza liliendelea, kwa sababu swichi kubwa bado haijawashwa. Lakini huku juu mashine ikaamka yenyewe. Hapakuhitajika mtu."

"Eish," alisema Shekinah kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo Mama Jeannine kutokuwapo hakumaanishi kitu. Na sisi tuliokuwapo, hakuna hata mmoja mwenye kinga."

Huko nje mtu alipiga mluzi, mwingine akajibu. Vijana wa barabarani walikuwa wameongezeka.

Walishuka ukumbini. Viti vilikuwa bado vimelala walivyoangushwa. Kiatu kimoja cha mtoto kilikuwa katikati ya njia. Inspekta alimwomba Mchungaji simu yake. Kila ibada Mchungaji aliisimamisha kwenye kigoda, ikarusha maombi moja kwa moja kwa ndugu wa Bukavu, na Ijumaa ilikuwa imesimama pale pale, ikatazama yote bila kukimbia.

Picha ilikuwa giza tupu na mishumaa. Upande wa kushoto palionekana dirisha na, nje yake, kona ya barabara. Sauti za maombi zilipanda na kushuka. Kisha kwenye kona ile robot, taa ya kuongozea magari, ikawaka, nyekundu.

"Tazameni juu!" ilipasua sauti.

"Simamisha," alisema Inspekta. "Mchungaji, ukutani kuna nini sasa hivi?"

"Giza."

"Endelea. Na sasa?"

"Giza."

Simu iliendelea. Maombi yalikatika moja baada ya jingine, watu wakageuza shingo huku na huku. Ndipo ukuta ulipopata mwanga mweupe, na kofia ya kwanza ikashuka kutoka darini.

"Sauti ilitangulia," alisema Inspekta. "Alituambia tutazame kitu ambacho kilikuwa bado hakijafika."

"Labda Roho alimfunulia," alisema Mchungaji.

Inspekta aliichukua simu. Alirudisha picha, akaweka simu sikioni, akasikiliza ile sauti. Akarudia tena. Uso wake haukubadilika. Hakuuliza sauti ile ni ya nani, na jambo hilo lilikuwa geni, kwa sababu mpelelezi yeyote angeuliza.

"Nataka kupima," alisema hatimaye. "Nione ni muda gani unapita kati ya umeme na picha. Bi Najma, twende. Shekinah, baki hapa na Mchungaji, uangalie ukuta."

Hapo Inspekta alifanya kosa ambalo lingeweza kugharimu uhai wa mtu. Magharibi ilikuwa imeingia, madirisha ya ukumbi hayakuwa na mapazia, naye hakufikiria barabara.

Bi Najma aliizungusha filamu ikakaa kama ilivyokuwa Ijumaa, Inspekta akachomeka waya. Projekta ilikohoa, ikaanza kulialia. Ukuta ulibaki mtupu. Kipande cheusi cha mkia wa filamu kilipita, na Inspekta alihesabu kimoyomoyo mpaka akasahau kuhesabu, kwa maana sasa walikuwa wanashuka. Alijua ni wapishi. Alijua ni supu. Hata hivyo, wapishi wale waliokufa zamani walipomgeuzia meno yao yaliyopinduka na kumeza wimbo wao, alirudi nyuma, akashika kitu cha karibu. Lilikuwa wigi.

Kilio alichokisikia hakikutoka kwenye filamu. Kilitoka barabarani.

"Anafanya tena! Mlozi anafanya tena!"

Jiwe lilivunja dirisha la kwanza. La pili lilimpita Mchungaji na kugonga kinanda. Chini, mlango wa chuma wa duka ukaanza kutikiswa, mikono mingi kwa pamoja, na ndani ya stoo Mama Jeannine alikuwa akipiga kelele kwa Kimashi, lugha ya mama yake.

Inspekta alichomoa waya. Alishuka ngazi akiruka vidato, wigi mkononi, wenzake nyuma yake. Dukani taa ilikuwa imewashwa. Nje ya nondo palikuwa na nyuso, na katika nyuso hizo alizijua nyingi: walikuwa watu waliokula pilau kwake Krismasi. Sasa hazikumtambua.

"Tupe huyo mwanamke, Papa Placide!"

"Hatuna ugomvi na wewe, mzee. Fungua tu!"

Nondo ya juu ilitoa mlio, ikaanza kulegea ukutani.

Inspekta aliwapa mgongo. Hakumtazama Mchungaji wala Bi Najma.

"Shekinah."

"Papa."

"Ijumaa ulikuwa umesimama wapi?"

"Kwenye kwaya."

"Kwaya iko wapi?"

"Karibu na dirisha."

"Macho yalikuwa yamefumba?"

"Yalikuwa yamefumba, Papa."

"Basi robot uliionaje?"

"Sikusema niliiona. Ni Roho alinifunulia, Papa. Kama Mchungaji alivyosema."

"Vizuri." Inspekta aliinua wigi. "Muulize huyo Roho nani alilitoa saluni baada ya kusukwa bure."

Hapa msimulizi anaomba radhi kwa kukatiza, kwa sababu amekamatwa. Shekinah ni mimi.

Nimejiita jina langu kurasa zote hizi nikidhani nitapita bila kuonekana, na nilikaribia. Yaliyokuwa moyoni mwa Inspekta nayajua kwa kuwa alinieleza baadaye, kwa kirefu, mimi nikiwa nimepiga magoti. Yaliyokuwa moyoni mwangu sikuyaeleza, na sasa mnajua kwa nini.

Tulitumwa sisi vijana kufagia chumba cha mitambo mwanzoni mwa likizo. Nilivuta kipande cha filamu, nikakiinua kwenye mwanga, nikaona mtu kaanguka kwenye keki. Ndani ya kifuniko cha projekta kuna mchoro wa jinsi ya kuitia filamu. Mchoro haukusema lolote kuhusu kuirudisha nyuma. Ratiba ya mgao iko kwenye simu ya kila mtu. Nilipanga kwamba katikati ya maombi marefu wapishi wangetokea wakiimba, watu wangeangua kicheko, nami ningejivika wigi la dhahabu na kucheza nao. Shuleni mambo ya namna hii hunipa sifa. Lakini Ijumaa, umeme ulipokatika, nilipanda na wigi, nikatia filamu, nikasikia wazee wanaingia, nikashuka mbio nikalisahau. Nilipoona robot inawaka nikapaza sauti. Na waliposhuka wale watu vichwa chini, hakuna aliyeogopa kuliko mimi. Niliamini nimefungua kitu nisichoweza kukifunga.

Kisha walimtaja Mama Jeannine, na hofu yangu ikapata mahali pa kujificha. Nilinyamaza Ijumaa. Nilinyamaza Jumamosi asubuhi tulipopita mbele ya dirisha lake lililovunjwa. Nilishika tochi nikamulika upelelezi wa baba yangu, nikanyamaza.

"Papa, wataniua," nilisema.

"Wewe hawatakuua. Wewe ni mtoto wa Placide, watakutukana mpaka wachoke." Alinyoosha kidole kuelekea stoo. "Yeye hana mtu, ndiyo maana wamemchagua."

Nondo ya juu iling'oka, ikaanguka sakafuni. Baba alivua fulana ya matoroli, akanivika, akaifunga zipu mpaka shingoni. Ilinifika magotini.

"Nitakuwa nyuma yako," alisema. "Lakini mdomo ni wako. Sema kwa nguvu. Ijumaa ulijua kusema kwa nguvu."

Akageuza ufunguo. Baridi iliingia kwanza, kisha nyuso. Nilipanda juu ya robota la mablanketi, na katika pengo la mlango wa stoo nilimwona Mama Jeannine akinitazama, bado hajajua. Nilimtazama yeye, si wao.

"Si yeye!" nililia. "Ni mimi! Mama Jeannine alikuwa chini kwenye swichi, anangoja kutuwashia taa!"